Selimundu kwenye insha ya kuomba shule ya sheria: yangu ilivyokuwa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sengerema amenitumia insha yake. "Kaka Wakili, shikamoo. Natuma maombi ya shule ya sheria Marekani, naomba unipitishie macho." Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma. Ukurasa mzima wa kwanza ni hospitali tu: alivyozaliwa, alivyogundulika ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mama alivyolia koridoni, damu alizoongezewa. Sheria yenyewe inachungulia mwishoni kabisa, tena imefunikwa na neno "ndoto". Ujumbe wa aina hii hunijia kila msimu wa maombi, kwa hiyo leo najibu hadharani na wengine mfaidike.

Mimi pia nina selimundu. Nimemeza foliki asidi tangu sijajua kusoma. Nilisoma sheria hapahapa Mwanza, nikaenda Marekani kwa LL.M., yaani shahada ya uzamili ya sheria, nikarudi. Nayataja haya kwa sababu wapo watu mjini humu ambao hadi leo wanaamini nilipewa nafasi ile kwa huruma. Siku ya kuniaga, mmoja niliyesoma naye darasa moja alisema mbele za watu, "Wewe bwana ulikuwa na ugonjwa wa kuuza." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini halijanitoka. Basi ngoja niwaambie nilichoandika, halafu mnionyeshe huruma iko wapi.

Kwanza tukubaliane: sisi hatukuzoezwa kujieleza. Hapa kwetu chuo unaomba kwa matokeo yako, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Ukikutana na shule ya Marekani inayotaka kurasa mbili hivi za kujieleza, unakimbilia jambo zito kuliko yote yaliyokupata. Kwa sisi wagonjwa, jambo hilo linajulikana.

Insha yangu ilianzia Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza. Mwaka wa mwisho nilikuwa najitolea kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, na waliokuwa wakitujia sana ni vibarua wa mitumbwi ya dagaa wanaolalamikia mgawo wao. Wenzangu walipanda mitumbwi usiku, taa zikiwashwa, wakaione kazi yenyewe. Mimi upepo wa ziwa usiku hunilaza kitandani. Baridi, uchovu na kupungukiwa maji mwilini ndivyo vinavyoamsha maumivu yetu. Kwa hiyo niliwafuata asubuhi, dagaa wakianikwa, nikaomba kitu kimoja tu: daftari la mwenye mtumbwi. Daftari lenyewe linanuka samaki, wino umechuruzika, kurasa zimegandana. Juu, kabla ya mgawo, imeandikwa "mafuta". Shuka chini, upande wa vibarua, "mafuta" yaleyale, kiasi kilekile. Walikuwa wanakatwa mara mbili! Walioenda ziwani hawakuliona hilo. Nililiona mimi, na nalisema kwa kujivuna kabisa.

Selimundu ilipata sentensi mbili humo: kwamba ninayo, na kwamba ndiyo iliyonifanya nishike daftari wenzangu waliposhika kasia. Basi. Ukizifuta, msomaji haelewi kwa nini nilifanya kazi vile. Hicho ndicho kipimo changu: ugonjwa ubaki pale tu unapoeleza kazi yako. Kama unaeleza machozi ya mama, toa.

Nina mfano mwingine naupenda. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha taarifa ya kwanza ya ugonjwa huu katika tiba ya Magharibi. Mgonjwa alikuwa Walter Clement Noel kutoka Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno. Jina lake halikuandikwa kwenye taarifa ile. Seli zake za damu ndizo zilizoandikwa, na umbo lao la mundu. Noel alihitimu, akarudi kwao kutibu meno, na taarifa ile haina habari hiyo. Nyinyi mnaoandika insha zenu kwa jicho la daktari mnajifanyia wenyewe alichofanyiwa Noel.

Kuhusu alama mbaya, hiyo ni habari nyingine na ina karatasi yake. Mwaka wa pili nililazwa wakati wa mitihani, na mhadhiri mmoja (jina naliacha) akaniambia kwamba mimi huugua mtihani ukikaribia. Nilitamani sana kumjibu ndani ya insha. Usijaribu. Shule nyingi zinakuruhusu kuambatisha maelezo mafupi ya nyongeza: niliugua lini, alama zipi zilishuka, zilipanda tena lini. Aya moja, kavu, bila kulalamika.

Na wale mnaoogopa kwamba mkitaja mtabaguliwa: Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu. Kuomba muda wa ziada au chumba chenye joto ni hatua tofauti na kuomba nafasi. Hata wanaofanya LSAT, mtihani wa kuombea shule za sheria kule, kwa muda wa ziada, LSAC inayousimamia ilikubali mwaka 2014 kuacha kuziwekea alama zao kitambulisho cha kuonyesha walipewa muda huo. Kwa hiyo kutaja ni hiari yako. Taja ukiwa umesimama. Vijana tumezidi kujianika, tunadhani anayetuonea huruma atatupa na nafasi, kumbe anayesoma anatafuta mtu atakayemkabidhi faili la mteja.

Sasa wewe wa Sengerema. Katikati ya ukurasa wa pili umepitisha haraka haraka kwamba uliandika barua kwa niaba ya wagonjwa wenzako, mkiomba kliniki ibadilishe saa kwa sababu wanaovuka na feri wanakuta foleni imeshafungwa. Umeipa mstari mmoja! Anzia hapo. Barua ilisema nini, nani alisaini, na nani alikataa kuipokea?