Barua kwa Mwanangu: Mpango Ukivunjika

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unaniuliza, "Mama, nitamkabidhije Mungu mipango yangu, ilhali aliiona ikivunjika akanyamaza?" Miaka miwili umeihangaikia nafasi ile. Umefunga, umeombewa, mchungaji akakwambia ni yako. Kisha ikaja barua ya mistari minne. Siwezi kukwambia usilie. Lia, mwanangu.

Naona kinachokuchoma zaidi ni kwamba watu wa Mungu walikuhakikishia. Fungua 2 Samweli 7. Daudi alitaka kumjengea Bwana nyumba, nia njema kabisa, na nabii Nathani akamwambia afanye yote yaliyo moyoni mwake. Usiku uleule Mungu akamrudisha Nathani na jibu jingine: atakayejenga ni mwanao. Nathani hakuwa nabii wa uongo. Alijibu kabla hajauliza. Basi usimwekee mchungaji kinyongo.

Daudi akaingia ndani, akaketi mbele za Bwana. Mimi huwa nakwama hapo kwenye kule kuketi, kwa sababu nami niliwahi kuketi hivyo.

Nilikuwa na miaka 20, nataka uuguzi. Nilikuwa na uhakika hata nikanunua kitambaa cheupe cha sare kabla majibu hayajatoka. Jina langu halikuwemo. Nikakikunja kile kitambaa, nikakitia chini ya godoro, nikakilalia mwezi mzima. Nikipiga magoti, neno halitoki. Usiku mmoja nikakitoa, nikakiweka mapajani, nikasema, "Bwana, hiki nilikitaka. Bado nakitaka. Kichukue." Nikalala. Asubuhi nikaamka nakitaka tena, ikabidi nimkabidhi tena, na kesho yake tena. Kwa hiyo usijione mnafiki ukisema "mapenzi yako yatimizwe" leo na kesho moyo ukagoma. Kule Gethsemane Bwana Yesu mwenyewe aliomba mara tatu, maneno yaleyale, na alianza kwa kuomba kikombe kile kimwepuke.

Mwaka uliofuata alichaguliwa binti wa jirani. Nikampelekea kitambaa. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kwa furaha. Nilirudi njia nzima nikilia, kanga imefunika uso. Lakini usingizi ulirudi. Baadaye sana ndipo nilipoona katika 1 Nyakati 22 kwamba Daudi, baada ya kukataliwa, alikusanya mierezi, shaba, na chuma tele cha misumari ya milango, milango ambayo hakuipita hata siku moja. Na Sulemani alipoizindua ile nyumba, alisimulia kwamba Mungu alimwambia baba yake amefanya vema kuwa na nia ile moyoni. Nia yako nayo Mungu ameiona, mama. Haikumchukiza.

Uuguzi sikuupata kamwe, na mpaka leo sijaambiwa kwa nini. Nimeacha kuuliza, si kwa kukata tamaa. Nimemzoea anayenishika mkono.

Umeuliza pia kama uombe nafasi tena mwakani. Omba, usiogope. Ila fomu zisikushughulishe wiki hii. Wiki hii keti tu mbele zake. Na usiku maneno yakigoma, nipigie, hata iwe saa nane. Nitaomba mimi, wewe unyamaze tu upande wa pili.

Mama yako