Kuziba bati linalovuja juu ya nyumba ya mbao

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuziba mwenyewe bati linalovuja kitandani, huko Majengo, Goma, bila kumwita fundi. Unaweza, lakini usianze kwa kununua lami.

Tafuta tundu kwanza. Mara nyingi maji hayadondoki palipotoboka. Hutembea juu ya mbao, yakaja kuanguka mita moja au mbili mbele. Siku ya jua, mmoja apande na kopo la maji, amwage kidogokidogo kuanzia chini kwenda juu, wewe ukae ndani na tochi. Mara nyingi utakuta ni msumari tu. Kama ulipigwa bondeni badala ya mgongoni mwa bati, hapo maji yote hupita. Ung'oe, ziba tundu, upige mpya mgongoni, wenye kofia ya mpira.

Tundu dogo la kutu: sugua kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae, ndipo upake lami na kitambaa, kisha lami tena. (Kama mnakinga maji ya kunywa, msitumie lami.)

Ila kwanza bonyeza pembeni mwa tundu kwa kidole. Likivunjika kama biskuti, acha kuziba, nunua bati jipya. Sisi wa Goma moshi wa volkano ya Nyiragongo hutia asidi kwenye mvua, na mabati huliwa mapema. Lipya lichomeke chini ya lile la juu, lilalie lile la chini.

Ukipanda, kanyaga kwenye mistari ya misumari. Mimi nilikanyaga katikati, nikatokea sebuleni kwa shemeji.