Ukienda Kolombia na begi mgongoni, siku nyingi zipe pwani

Wanaoniomba ushauri kuhusu Kolombia huniletea ratiba zinazofanana: Bogotá, Medellín, bonde la Cocora, halafu siku mbili za mwisho Cartagena kupiga picha kwenye kuta za kale na kupanda ndege ya kurudi. Huwa nawaambia waigeuze. Milimani pita, pwani ya Karibi kaa. Cocora ni pazuri mno, pale penye mitende ya nta inayofika hata mita 60 ikiwa imesimama katikati ya ukungu, na sikushauri uiruke. Lakini mtu aliyetoka Afrika Mashariki ana jambo la kumhusu kule chini pwani, na jambo hilo halionekani kwa siku mbili.

Bogotá iko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza usipande kilima chochote, kunywa maji, vaa sweta, lala mapema. Medellín panda metro yao na zile gari za kamba zilizofika mitaa ya mlimani mwaka 2004. Kwa nauli ndogo utaona jinsi jiji lilivyowapelekea usafiri watu waliokuwa wametengwa. Usinunue ziara za Pablo Escobar, yule bwana wa kokeni, na usiwaulize watu habari zake kama unaulizia mchezaji wa mpira. Jumba alilokuwa akiishi na familia yake, Mónaco, lilibomolewa Februari 2019 na mahali pake pakawekwa bustani ya kuwakumbuka waliouawa. Watu wale wamezika ndugu zao.

Kutoka Medellín hadi Cartagena basi la usiku huchukua saa kumi na tatu au zaidi, na mvua zikileta maporomoko barabarani, ongeza. Kiyoyozi cha mabasi hayo ni baridi kali. Sweta na shuka viwe mkononi, usiviache kwenye begi linalokwenda buti.

Sasa tufike Cartagena. Mji ulianzishwa mwaka 1533 na ukawa mojawapo ya bandari kuu za kushushia Waafrika waliouzwa utumwani katika makoloni ya Hispania. Ule uwanja mzuri nyuma ya mnara wa saa, Plaza de los Coches, ambako leo wanauza peremende na kashata za nazi, ndiko mnada ulikofanyika. Simama pale kwanza, kabla ya kutafuta kona ya picha. Kulala, tafuta hosteli Getsemaní, nje kidogo ya mji wa ndani, kwenye bei nafuu na wenyeji ambao bado wanakaa vibarazani jioni. Ufukwe wa Bocagrande haukunipendeza. Atakuja mtu kukukanda mabega bila kuulizwa, kisha atadai hela nyingi. Kataa mapema na kwa sauti ya kawaida: "No, gracias." Usiruhusu hata "jaribio la bure".

Siku ninayoisisitiza kuliko zote ni ya San Basilio de Palenque. Ni kijiji kilicho kilomita hamsini hivi kutoka Cartagena, kilichojengwa na watu waliotoroka utumwani na kukataa kurudishwa. Wanamheshimu Benkos Biohó, aliyeongoza watoro hao na kuuawa na Wahispania mwaka 1621. Sanamu yake iko uwanjani, mikono imenyooshwa, minyororo imekatika. Wana lugha yao wenyewe, mchanganyiko wa Kihispania na Kikongo, na matanga yao, yanayoitwa lumbalú, huimbwa kwa ngoma kwa siku tisa. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua utamaduni huo kuwa urithi wa binadamu wote. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimtazama mama mmoja akimsuka binti yake, akinieleza jinsi bibi zao walivyosuka njia za kutorokea kwenye nywele, mstari mmoja mto, mwingine kichaka. Hivyo ndivyo wanavyosimuliana, kizazi hadi kizazi.

Kufika huko panda basi kwenye stendi kuu ya Cartagena, mwambie kondakta unashuka njia panda ya Palenque, kisha chukua pikipiki hadi kijijini. Ziara za hoteli zipo, ila hukaa saa chache na fedha nyingi hubaki mjini. Ukifika, tafuta mwongozaji wa pale pale, mlipe yeye, kula chakula cha mchana kwa mama wa pale, na kama kuna chumba, lala. Oktoba huwa na tamasha lao la ngoma, na hapo vyumba huadimika.

Jambo la pili ni muziki. Miaka ya sabini mabaharia waliingiza Cartagena na Barranquilla santuri kutoka Afrika: soukous ya Kongo, highlife ya Nigeria na Ghana. Wenye picó, yaani yale maspika makubwa yaliyochorwa rangi za moto ambayo hufungwa mtaani kwa dansi, walizigombea santuri hizo kiasi cha kubandua lebo ili mpinzani asijue wimbo unaitwaje. Watu wakazipa nyimbo majina yao. Humo ndimo ilimozaliwa champeta, muziki wa dansi wa pwani hiyo. Mtu aliyekulia Dar au Mombasa, au Lubumbashi, atasikia lile gitaa la solo kwenye mtaa wa mbali namna ile na hatahitaji maelezo. Usiende peke yako usiku kwenye picó. Omba wenyeji wa hosteli wakupeleke, acha simu nzuri kitandani, beba hela ya kutosha usiku huo tu.

Chakula cha pwani kitakukaa vizuri. Wali wa nazi upo, ila wao huchemsha tui mpaka likatike na mabaki yake yakaangike hadi kahawia, ndipo wanaweka mchele. Unatoka na rangi na utamu. Huja na samaki mzima wa kukaanga na ndizi mbichi zilizopondwa na kukaangwa mara mbili. Asubuhi kula arepa de huevo barabarani. Mama hukaanga kwanza mkate wa mahindi mpaka uvimbe, anaupasua ubavuni, anamimina yai bichi ndani, anaziba kwa unga kidogo na kuurudisha kwenye mafuta. Mchana uliza "almuerzo corriente": supu, wali, maharage, nyama na juisi, kwa bei ya mfanyakazi.

Ukielekea mashariki utafika Santa Marta, mji wa mwaka 1525 ambako Simón Bolívar, aliyeongoza vita vya uhuru dhidi ya Hispania, alifia mwaka 1830. Hapo ndipo mlango wa hifadhi ya Tayrona. Angalia tarehe kabla ya kununua tiketi, maana hifadhi hufungwa mara tatu kwa mwaka, kwa kawaida Februari, Juni na Oktoba, ili ardhi ipumzike kwa matakwa ya watu wa asili wa milima ya Sierra Nevada. Ufukwe wa Arrecifes usiogelee hata bahari ikionekana tulivu. Mikondo yake imeshaua wengi, na mabango yanasema wazi. Endelea kutembea hadi La Piscina, miamba imeukinga. Ukipenda safari ngumu, kuna Ciudad Perdida, mji wa mawe uliojengwa yapata mwaka 800, siku nne za kupanda na kushuka, na ngazi kama 1,200 za kumalizia. Hakuna kwenda peke yako, ni lazima kampuni iliyoidhinishwa, na Septemba njia hufungwa. Uliza kama wana mwongozaji wa kabila la Wiwa. Ile ni ardhi ya wazee wake. Wakogi, kabila jingine la milima hiyo, usiwapige picha bila ruhusa, na watoto usiwagawie peremende.

Guajira, jangwa la watu wa asili waitwao Wawayuu, sikushauri uiende mbio mbio kwa usiku mmoja. Maji ni shida kubwa huko. Beba ya kwako, oga kwa kipimo, na kama utanunua mfuko wa kufumwa, ununue kwa mwanamke aliyeufuma, bila kumvuta bei mpaka chini.

Mweusi ukiwa pwani, watu watakudhani umetoka Palenque au Chocó, mkoa wa upande wa Pasifiki wenye watu weusi wengi. Watakusemesha kwa kasi, wakimeza herufi nusu. Kwangu ilikuwa furaha, ila inadai Kihispania: jifunze miezi miwili mitatu kabla, hasa namba, nauli na maelekezo. Tembea na nakala ya pasipoti, kwa sababu hata askari watakuchukulia kama mwenyeji na kukuomba kitambulisho. Usiku teksi iite kwa programu ya simu au kupitia hosteli. Kinywaji ulichokiacha mezani usikirudie, na cha mgeni usikipokee. Dawa za kulevya akili huwekwa humo kisha mtu anaibiwa kila kitu. Noti ya peso 50,000 na ya 5,000 zitazame vizuri kabla hujalipa.

Miezi mikavu pwani ni Desemba hadi Machi, lakini kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, na wiki ya Pasaka, Wakolombia wenyewe wako likizo na bei hupanda. Mwishoni mwa Januari ndio wakati ninaoupenda. Masharti ya visa yasome kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje mapema, kabla ya kulipia ndege. Chanjo ya homa ya manjano ichome angalau siku 10 kabla ya safari, na ile kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti.