Senene wa Montana

Dada mmoja aliyehamia majuzi Missoula, mji wa jimbo la Montana huku Marekani, ameniandikia: "Kaka, leseni ya uvuvi nimekata, fimbo ya kuvulia nimenunua, wiki tatu mtoni sijapata hata mkia. Nakosea wapi?" Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana kiangazi changu cha kwanza huku kilikuwa hivyo hivyo. Lakini Jumamosi nimetoa trauti (samaki wa maji baridi) wa kahawia wa inchi 21 kwenye mto Clark Fork, kwa hiyo leo nitasema.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Nimekua nikivua sato kwa mnyoo: unatupa ndoano, unakaa, ukisikia mshipi unavutwa nawe unavuta. Huku chambo ni mdudu bandia wa manyoya na sponji, anaelea juu ya maji, na samaki unamwona kabla hujamsikia. Mikono ya ziwani ilinichelewesha miezi. Kila trauti akifungua mdomo, mimi nimeshavuta. Subiri afunge mdomo, ageuke, ndipo uinue fimbo. Hilo tu lilinigharimu kiangazi kizima.

Mei na Juni theluji ya milimani inayeyuka na mto unakuwa rangi ya chai ya maziwa. Usijisumbue. Agosti ndiyo yenyewe, kwa sababu ya panzi. Nyasi zinakauka, jua likikolea kama saa nne au saa tano asubuhi panzi wanaanza kuruka, na upepo unawamwaga mtoni. Mtu aliyewahi kugombania senene chini ya taa za barabarani atamwelewa trauti bila kufundishwa. Naye anawangoja pale wanapoangukia, ukingoni kabisa, chini ya majani. Wageni wanarusha katikati ya mto kwa sababu ni mpana na unapendeza. Wewe rusha ukingoni. Panzi wako aanguke puu, kisha aende na maji kwa mwendo wa maji. Mshipi ukimburuta, samaki anajua si mdudu huyo. Narudia: ukingoni.

Sasa jambo ambalo sipendi kulisema. Miaka miwili iliyopita, saa tisa alasiri, joto kali, nilinasa trauti mzuri ajabu, wa asili ya huku, mwenye mistari miwili myekundu chini ya taya. Nilimchezesha muda mrefu kwa raha zangu, nikampiga picha za kutosha kwa ajili ya status, nikamwachia. Akageuka tumbo juu. Nilimshikilia kichwa kikielekea mkondo hadi vidole vikafa ganzi, hakurudi. Mwongoza watalii mmoja alipita na mashua, akatazama, akaniambia bora ningemla. Abiria wake wakacheka. Mpaka leo nikiiona mashua ya rangi ile najifanya nafunga viatu.

Alikuwa sahihi, ndiyo inayoniuma. Maji ya moto hayana hewa ya kumtosha trauti aliyechoka. Ndiyo maana Montana, joto la maji likifika nyuzi 73 za Farenhaiti, kama 23 za Selsiasi, siku tatu mfululizo, sehemu hiyo ya mto inaweza kufungwa kwa wavuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Siku ile walikuwa hawajafunga. Lakini wewe usingoje tangazo, ndugu yangu. Nunua kipimajoto, kitie mtoni. Kijino cha ndoano kibane kwa koleo ili itoke haraka. Samaki asitoke majini kwa ajili ya picha. Sisi tuliokulia kando ya maji tunajiona tunajua kila kitu, na hiyo ni kiburi. (Mama yangu naye bado anauliza kwenye simu kama kweli nina akili timamu, kuvua na kuachia.)

Kwa hiyo dada, umesema unakwenda saa kumi jioni ukitoka kazini, na unasimama katikati. Anza na hayo mawili. Jumapili saa nne nitakuwa mtoni. Kipimajoto cha pili ninacho, kofia njoo na yako.