Boya linaelea, moyo unazama

*Maswali ya wasomaji*

Navuka na pantoni kila siku kwenda kazini. Maji hayanitishi, naogelea vizuri tu. Lakini nikiuona mnyororo wa boya unavyotokomea chini, au nikiifikiria rafadha, pangaboi la kusukuma chombo, iliyo chini ya miguu yangu, viganja vinaloa jasho na inabidi nifumbe macho mpaka ng'ambo. Wenzangu wananicheka. Hii ni nini, na inatibika? – Msomaji, Kigamboni

Ni fobia, na inatibika. Mitandaoni wanaiita sabmekanofobia, hofu ya vitu vilivyotengenezwa na binadamu vikiwa vimezama majini. Kwa daktari haina fungu lake peke yake. Huwekwa pamoja na fobia nyingine za kitu mahususi, kama ya nyoka au ya lifti. Kipimo ni kwamba hofu imedumu miezi 6 au zaidi, imezidi hatari iliyopo, na inakuvurugia maisha.

Maji nayo yana ujanja wao. Ukitazama kwa miwani ya kuogelea, kitu huonekana kimekuwa kikubwa kwa karibu theluthi moja na kimesogea karibu kwa robo, kwa sababu mwanga hupinda ukitoka majini kuingia kwenye hewa iliyo mbele ya macho. Rangi nyekundu hufifia katika mita chache za mwanzo, hivyo chuma chenye kutu hugeuka kijani cheusi. Na kwenye maji ya bandarini yenye tope, kitu hukioni kikija kwa mbali. Unashtukia kiko mbele ya uso.

Tiba inayofanya kazi ni kukikaribia kidogo kidogo kile kinachokutisha. Chukua daftari, andika vitu 8 hadi 10 vinavyokutisha, na kila kimoja ukipe alama kuanzia 0 hadi 100. Mchoro wa nanga labda ni 15, picha ya mnyororo chini ya maji 35, video yenye sauti 50, kusimama gatini ukitazama boya 65, kuegemea ukingo wa pantoni ukiangalia maji 80. Anzia cha chini. Katikati weka zoezi la beseni, ambalo watu hulidharau bila sababu: jaza maji, yatie majani ya chai mpaka yawe meusi, tumbukiza spana, kisha ingiza mkono uitafute bila kuiona.

Kabla ya kila zoezi andika unachotegemea kitatokea: "nitazimia", "kitanivuta". Kaa hapo dakika 20 hadi 40, kisha soma ulichoandika na uone kama kimetokea. Rudia mara 3 au 4 kwa wiki, na usipande hatua kabla ile ya chini haijaanza kukuchosha kwa jinsi ulivyoizoea. Kuchoshwa ndiyo dalili nzuri.

Wengi hukwama kwa sababu huondoka hofu ikiwa kileleni. Nafuu ya kukimbia ni tamu, na ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kufumba macho, kushika mkono wa mwenzako na kuchezea simu ni kukimbia vilevile, ila umesimama. Video za mitandaoni zilizotiwa muziki wa kutisha nazo ziache, zimetengenezwa kukushtua.

Jambo moja lisichanganywe na fobia: rafadha inakata kweli. Usifanye zoezi lolote majini karibu na chombo ambacho injini haijazimwa kabisa. Kuitoa kwenye gia tu hakutoshi.

Binti yangu ana miaka 7. Anakataa kuogelea upande wenye tundu la kutolea maji chini ya bwawa, anasema litammeza. Nimlazimishe? – Mama, Mombasa

Usimlazimishe, mama, na usimcheke. Kwanza kagua tundu lenyewe, maana mtoto ana hoja. Mfuniko ukivunjika au ukikosa skrubu, na pampu ikavuta kupitia tundu moja tu, mvuto unaweza kunasa nywele au mwili wa mtoto. Muulize msimamizi kama matundu ni mawili yaliyotengana, kama mifuniko yote imekazwa, na swichi ya kuzimia pampu iko wapi. Asipojua swichi ilipo, tafuta bwawa jingine. Nywele za mtoto zifungwe.

Ukiridhika, omba pampu izimwe, mwoneshe tundu mkiwa mmesimama nje, kisha mkae ngazini maji yakiishia magotini. Yeye ndiye aseme lini mnasogea.

Ni sisi wa leo tu tunaohofia vyuma vilivyozama? – Msomaji, Unguja

Hapana, vyuma vya kuhofiwa vipo tangu zamani. Mbele ya jumba la Sultani hapo kwenu, meli yake Glasgow ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka mingi. Uingereza kuna meli ya Richard Montgomery, iliyokwama kwenye mlango wa mto Thames mwaka 1944. Nayo milingoti imebaki nje, na tumboni bado ina takribani tani 1,400 za baruti na mabomu. Kuikwepa hiyo si fobia, ni akili.

Nina leseni ya kuzamia, na nataka kuiona Dania, ile meli iliyozamishwa makusudi Mombasa mwaka 2002. Picha zake tu zinanitetemesha. Nimeze kidonge cha kutuliza? – Kaka, Nairobi

Hapana. Dawa ya usingizi au ya kutuliza na kuzamia haviendi pamoja. Dania isiwe hatua yako ya kwanza pia. Anza na kamba ya nanga ya mashua ndogo kwenye maji ya mita 3 au 4, na mwalimu ajue shida yako kabla hamjavaa mitungi. Pumua taratibu, hewa ndani kwa sekunde 4, nje kwa 6. Siku ya kuogelea bila mtungi, usihemeheme kwa nguvu kabla ya kupiga mbizi, kwani mtu huweza kuzimia majini bila onyo. Hofu ikikupanda chini, shika kamba, mpe mwalimu ishara ya kiganja kinachoyumba, na mpande pamoja polepole. Anayepumulia mtungi akapanda kwa kasi huku amebana pumzi anaweza kupasua mapafu hata kutoka mita chache.