Madereva 37 kati ya 40 walisema programu yetu ni nzuri, mbona hawaitumii?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili hapa Iringa tumetengeneza programu ya simu kwa ajili ya madereva wa pikipiki za umeme. Inaonyesha chaji iliyobaki kwenye betri na inapokea maombi ya abiria. Kabla ya kuizindua tuliwapa dodoso madereva 40 wa vijiwe vya Kihesa na Miyomboni, na 37 wakajibu kwamba ni nzuri na ni rahisi kutumia. Wiki tatu baadaye wanaoifungua ni 6. Mtaalamu mmoja ametushauri tuandae semina ya kuwaelimisha madereva. Je, tufuate ushauri huo?

Jibu: Marahaba. Semina hiyo iahirisheni, na fedha zake zitunzeni. Mtu anayeweza kutuma na kupokea pesa kwa simu gizani, huku akibishana nauli na abiria, hahitaji kufundishwa kubonyeza kitufe. Kabla hamjamwita mbumbumbu, nendeni mkaone kinachomkuta anapojaribu kukibonyeza.

Shida yenu imo ndani ya lile dodoso. Mmemfuata dereva kijiweni, amekaa kivulini, simu iko mkononi, na ninyi mmesimama mbele yake mkiwa na kalamu, vijana wa watu mliotoka jasho kwa kazi yenu. Mlitaka awajibuje? Kwa malezi yetu, mgeni aliyekuonyesha kazi ya mikono yake humwambii usoni kwamba ni mbaya. Unamwambia ni nzuri, unamtakia heri, kisha unarudi kwenye shughuli zako. Kwa hiyo 37 wale waliwapa jibu la adabu, nanyi mkaliandika kama kipimo cha kiolesura, yaani vitufe na maandishi anayoyaona na kuyagusa mtumiaji.

Naomba niwaeleze nilichokiona hapa Mbeya, asubuhi moja ya Julai, kwenye kijiwe cha Kabwe. Dereva alikuwa na simu kwenye kishikio cha usukani, ameifunika kwa nailoni kwa sababu ya manyunyu, na mikononi amevaa glovu nene za sufu. Ombi la abiria likaingia. Akabonyeza neno “Kubali” mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Akaivua glovu kwa meno, akabonyeza tena, na kidole kikaangukia “Kataa”, kwa kuwa vitufe viwili vilikuwa vimebanana kama mahindi kwenye gunzi. Abiria akaenda kwa mwingine. Jioni nilipomuuliza programu ikoje, alinijibu bila kusita: “Iko vizuri, mkuu.”

Kila kilichotokea pale kina sababu inayojulikana. Skrini ya simu janja huhisi badiliko dogo la chaji ya umeme linaloletwa na kidole, na sufu nene hulizuia, ilhali tone la maji huweza kuichanganya skrini ikadhani imeguswa. Miongozo ya Android inapendekeza sehemu ya kugusa isipungue takribani milimita 9 kila upande, lakini kipimo hicho kinamfikiria mtu aliyetulia na kidole kitupu. Dereva aliye kwenye barabara ya vumbi na mashimo anahitaji zaidi ya hapo, na vitufe vyenye maana zinazopingana vitenganishwe mbali. Afadhali zaidi, ombi lisomwe kwa sauti, na dereva akubali akiwa amesimama.

Suala la macho msilichukulie kwa wepesi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2013 kuhusu vifaa vya ndani ya magari, inataka mtazamo mmoja wa dereva kwenye skrini usizidi sekunde 2. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde 2 ni mita 22 bila macho barabarani, na mwenye pikipiki hana bati la kumkinga.

Kuhusu chaji, nadhani mnaonyesha asilimia. Dereva wa Iringa hajiulizi asilimia. Anajiuliza kama akishusha abiria Ipogolo ataweza kuupanda mlima kurudi mjini akiwa amepakia. Pikipiki na watu wawili, tuseme kilo 250 kwa jumla, hula takribani wati-saa 68 kwa kila mita 100 za kupanda wima, kabla ya kuhesabu upotevu kwenye mota na msuguano wa barabara. Kwa betri ya kilowati-saa 2 hiyo ni zaidi ya asilimia 3. Baridi nayo huipunguzia betri ya lithiamu uwezo wake. Programu inayokadiria kwa wastani wa barabara tambarare itamdanganya siku ya pili tu, na akishazimikiwa mlimani mara moja, huku hesabu ya bosi inamsubiri, hataifungua tena. (Tena angalieni saa: ombi lililoandikwa 14:00 yeye analijua kuwa ni saa nane.)

Fanyeni hivi: chagueni madereva watano, mkae nao asubuhi ya baridi na jioni ya shughuli nyingi, msiwafundishe wala kuwasaidia, na muandike kila wanapokosea, wanapositasita na wanapoiacha simu wakapiga kelele kwa mwenzao. Watano si wengi, lakini makosa makubwa yataanza kujirudia mapema. Rekebisheni, kisha rudieni kwa watano wengine.

Sasa niseme neno kuhusu huyo mtaalamu wenu, maana wa aina yake wamejaa. Wapo wanaouza violezo vya programu vilivyochorwa kwa ajili ya teksi za miji mingine, wakavitafsiri kwa Kiswahili na kuviita usanifu unaomjali mtumiaji. Na wapo wanaoandaa ripoti za “kuridhika kwa watumiaji” bila kuwahi kupanda chombo chenyewe. Chombo kikisuswa, lawama humwendea dereva, mkulima au mama muuza mbogamboga, na semina inaandaliwa, ambayo nayo inalipiwa. Yeyote anayewaletea asilimia za kuridhika, mwambieni awaonyeshe kwanza daftari la alichokiona: tarehe, mahali, kitufe gani kilibonyezwa kimakosa na mara ngapi. Kama hana daftari, msimlipe.