Vua hizo glovu za hospitali kabla hujagusa thina

Mkuu, usitie mkono humo. Umeuliza kama glovu nyembamba za lateksi zinatosha kusafishia vipuri kwa thina, mikono uioshe kwa thina hiyohiyo, na jioni upake mafuta gani. Nimeshtuka, maana ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo nilivyoumia.

Fundi wangu alikuwa akisema, "Vaa glovu, piga kazi, thina haing'ati." Inang'ata! Toluini na zailini, ambazo zimo kwenye thina nyingi, hupenya lateksi nyembamba ndani ya dakika chache bila kuitoboa. Ukiitazama unaiona nzima, imevimba kidogo tu kwenye ncha za vidole. Ndani umelowa na unadhani ni jasho. Nami nilidhani ni jasho, nikaendelea hadi muda wa kufunga kazi. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Mkono mtupu ukipata thina, nyingi huruka hewani. Ndani ya glovu haina pa kukimbilia, inakaa inaloweka ngozi saa nzima nzima.

Na ngozi inazuia kwa kutumia nini? Tabaka lake la juu, sehemu nyingi za mwili, lina unene wa maikromita 10 hadi 20 hivi, na kinachoziba ni mafuta yaliyo kati ya seli zake. Thina kazi yake ni kuyeyusha mafuta. Ikishayatoa inapita hadi kwenye damu, na barakoa yako haina habari. Vidole vyangu vilipauka kama vimepakwa chaki, vikachanika kwenye viungo, na ngozi iliyochanika hupitisha zaidi.

Muuzaji naye aliniambia glovu zake "zinazuia kemikali". Kemikali ipi? Hakuna glovu inayozuia zote! Mpira wa butaili, aina ya mpira wa kiwandani wa kutengenezea glovu, unahimili vizuri asetoni, kiyeyusho kingine, lakini toluini inaupita upesi. Mwambie akuonyeshe jedwali la mtengenezaji lenye muda wa kupenya kwa kila kemikali. Kama hana, ondoka.

Mwaka 1996 mkemia Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya zebaki ya dimethili juu ya glovu ya lateksi. Ile ni sumu kali mno kuliko thina, lakini glovu ni za aina hiyohiyo unayotaka kununua. Ilipopimwa baadaye, ilionekana sumu hupenya ndani ya sekunde 15 au chini ya hapo. Alifariki Juni 1997.

Kwa hiyo shika hili moja: ukihisi unyevu au ubaridi ndani ya glovu, vua hapohapo, hata kipuri kikiwa nusu. Osha kwa maji na sabuni, si kwa thina. Na usiianike ili uivae kesho, kwa sababu thina iliyokwisha kunywewa na mpira inaendelea kusogea upande wa ndani hata glovu ikiwa inaning'inia ukutani.